Bwana Sakarani: Hakimu wa Boma na Mwenye Shamba

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha Yubilei zimeandikwa habari za Mapadre na Masista, na za waalimu waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji wakibeba kitabu na ubao. Hizo ni habari za furaha, nasi twazisoma kwa shukrani. Lakini njia ambayo misioni iliingia kwayo katika nchi hizi za juu haikukatwa na watu wa misioni peke yao. Mbele yao alitangulia mtu mwenye bunduki, na mtu huyo alipokwisha kupigana aliketi barazani akahukumu watu, na alipokwisha kuhukumu akajitwalia shamba. Jina lake ni Tom Prince. Waalimu wetu huulizwa na watoto habari za Wadachi na habari za Mkwawa, na mara nyingi hujibu kwa maneno mawili matatu tu. Basi tumeona vema kuandika habari za mtu huyu kwa urefu kidogo, kwa sababu urithi wake umefika mahali ambapo wasomaji wengi hawapadhanii.

Alizaliwa mwaka 1866 katika kisiwa cha Mauritius. Baba yake alikuwa Mwingereza, mama yake Mdachi, naye alilelewa Ujerumani akawa askari wa nchi ya mama yake. Alifika Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, siku zile serikali ya Wadachi ilipokuwa imeshika pwani tu na kuanza kupanda bara. Askari wake wakampa jina la Bwana Sakarani. Kila ajuaye Kiswahili ajua maana ya neno hilo: sakarani ni mlevi, mtu asiyejijua kwa kinywaji. Wenye kumsifu walisema kwamba ulevi wake ulikuwa ulevi wa vita, maana alipoingia vitani hakujali kufa. Wengine labda walikuwa na maana nyingine, wakalificha neno ndani ya heshima, kama watu wanyonge wafanyavyo mara nyingi wanapompa bwana jina. Mwenyewe hakulikataa.

Mwezi wa Januari 1893 alikuwa Tabora, akaivunja boma ya Isike, mtemi wa Unyanyembe. Isike alipoona kwamba ukuta umevunjwa alijiingiza katika chumba cha baruti akakilipua, asije akakamatwa. Hakufa papo hapo. Wadachi wakamtoa yu karibu kukata roho, wakamnyonga. Tumelitaja jambo hili mapema kwa kuwa laonyesha tabia ya utawala ule: haikutosha adui afe, ilipasa afe kwa hukumu, mbele ya macho ya watu, ili kifo chake kionekane kuwa ni sheria.

Kutoka huko habari zake zinakuja karibu nasi. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliliangamiza jeshi la Zelewski huko Lugalo, na Wadachi hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana von Schele aliishambulia ngome ya Kalenga akaiteka, na Prince alikuwamo. Mkwawa akatoka akaingia msituni. Mwaka 1896 Prince akatumwa tena Uhehe, akajenga boma ya Iringa juu ya kilima. Alikuja na mkewe, Bibi Magdalene, aliyeandika habari za kila siku katika kitabu chake, na baadaye, mwaka 1903, kitabu hicho kikapigwa chapa Berlin. Kwa hiyo mambo mengi ya boma ile twayajua kwa kalamu ya mwanamke aliyeyatazama toka kibarazani mwake, akipanda maua na mboga huku mumewe akiwinda watu.

Hapa sisi watu wa upande wa Njombe imetupasa kusema kweli. Si watu wote waliolia Kalenga ilipoanguka. Tangu siku za Munyigumba, baba yake Mkwawa, mkuki wa Wahehe ulikuwa umefika Ubena, na wazee wengi wa Ubena walikuwa chini ya mkono wake au walikuwa wamekimbia. Wasangu walikuwa wamefukuzwa katika nchi yao, na Prince ndiye aliyemrudisha Merere Utengule. Kiwanga, mtwa wa Wabena wa Ulanga, alikuwa rafiki ya Wadachi. Prince alijua sana kuyatumia machozi ya zamani. Alimwendea kila aliyeonewa na jirani yake akamwambia kwamba sasa amepata mtetezi, na mtu aliyeonewa hakuuliza mtetezi huyo atadai nini kesho. Mwalimu atakayesema mbele ya watoto kwamba nchi yote ilikuwa moja siku zile, kisha Mzungu akaja akaigawa, atakuwa amewapa habari nyepesi mno.

Sasa tuangalie uhakimu wake, maana hilo ndilo jambo kubwa. Siku zile hapakuwa na hakimu mbali na mwenye boma. Mtu yule yule aliyeongoza jeshi ndiye aliyetoza kodi, ndiye aliyesikiliza mashauri, ndiye aliyetoa hukumu, na askari wake ndio walioitimiza. Wazungu walikuwa na mahakama yao yenye mahakimu waliosomea sheria. Watu weusi walikuwa na shauri la bomani. Ilikuwako amri ya Kansela wa Ujerumani, ya tarehe 22 Aprili 1896, iliyopanga adhabu za wenyeji: minyororo, faini, kiboko, na kifo. Kiboko kisizidi mapigo 25 kwa mara moja, na kwa hukumu moja kisirudiwe zaidi ya mara ya pili. Wanawake wasipigwe, wala Waarabu na Wahindi. Mapigo hayo 25 ndiyo wazee waliyoyaita hamsa ishirini, na jina hilo limedumu katika lugha yetu kuliko jina la Kansela aliyeyapanga. Hukumu ya kifo ilitaka idhini ya Gavana. Lakini penye vita au maasi mkuu wa mahali aliruhusiwa kutenda mara moja, na Uhehe ilikuwa nchi ya vita miaka yote ile. Basi ruhusa ile iliyowekwa kwa siku ya hatari ikawa ndiyo sheria ya kila siku.

Shauri la Mpangile laonyesha hayo wazi. Mpangile alikuwa ndugu yake Mkwawa. Baada ya kukata tamaa ya kumpata ndugu yake, au baada ya kupima nguvu za Wadachi, alikuja akajisalimisha. Prince alifurahi sana, akamfanya kuwa mtawala wa Uhehe wakati wa Noeli mwaka 1896, kwa sherehe, mbele ya watu waliokusanyika. Alidhani kwamba Wahehe wakiwa na mtwa wa ukoo wa Munyigumba watamwacha Mkwawa peke yake msituni. Hawakumwacha. Chakula kiliendelea kumfikia, habari za safari za askari ziliendelea kumfikia, na askari waliokwenda kwa makundi madogo waliendelea kushambuliwa. Mwezi wa Februari 1897 Prince akamshika Mpangile, akamhukumu kwamba anamsaidia ndugu yake kwa siri, akamnyonga.

Hata miezi mitatu haikupita tangu avikwe utawala. Tufikiri jambo hili kama watu wenye kujua haki. Mshitaki alikuwa Prince, maana askari waliouawa walikuwa wake. Aliyeaibishwa alikuwa Prince, maana yeye ndiye aliyemchagua Mpangile. Hakimu alikuwa Prince. Mshitakiwa hakuwa na mtu wa kumsemea, wala hapakuwa na mkubwa wa kupelekewa rufani, maana Dar es Salaam ilikuwa mbali kwa mwendo wa majuma. Inawezekana kabisa kwamba Mpangile alimpelekea ndugu yake chakula. Katika Uhehe yote siku zile ni nani asiyefanya hivyo? Lakini sisi hatuulizi kama alikuwa na hatia mbele ya Wadachi. Twauliza kama aliyeketi kitini siku ile aweza kuitwa hakimu. Wakristo wamezoea kumlaumu Pilato kwa sababu alimhukumu mtu ambaye hakuona kosa ndani yake, akanawa mikono. Prince hakunawa, aliamini hukumu yake. Hayo nayo ni ya kuogopesha kwa namna yake, maana mtu anayenawa mikono ajua angalau kwamba imechafuka.

Mauaji ya Mpangile hayakuleta amani. Vita viliendelea mwaka mzima na zaidi. Rupia 5,000 ziliahidiwa kwa atakayemleta Mkwawa au kichwa chake, na mashamba na ghala za vijiji vilivyodhaniwa kumlisha vikachomwa. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa akajipiga risasi huko Mlambalasi, asikamatwe. Kichwa kikakatwa kikapelekwa bomani Iringa.

Katika miaka hiyo hiyo ndipo misioni zilipoingia. Mapadre wa Mt. Benedikto walikaa Tosamaganga, karibu na boma mpya. Mwaka 1898 walianza Peramiho. Na mwaka huo huo Waluteri wa Berlin walianza Kidugala katika Ubena. Hatusemi kwamba watu hao walikuja kwa nia ya boma. Wengi walikuja kwa nia njema, wakafa kwa homa, wakazikwa huku huku. Lakini mwananchi aliyewatazama aliona rangi moja, akasikia lugha moja, akaona njia yao ni njia ile ile iliyofunguliwa na mizinga. Mwaka 1905 watu walipoondoka kwa vita vya Maji Maji hawakutofautisha. Tarehe 14 Agosti mwaka huo Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani upande wa Liwale, Peramiho ikachomwa, na mwezi wa Septemba misioni ya Yakobi, hapa kwetu Ubena, ikashambuliwa. Vita vilipokwisha ikaja njaa, maana jeshi lilichoma chakula kama lilivyojifunza kufanya Uhehe. Kanisa limewaombea wafia dini wake tangu siku zile, nalo limefanya vema. Waliokufa kwa njaa ile nao ni wa kuombewa katika Yubilei hii, na wengi wao hawakuandikwa katika kitabu chochote cha parokia.

Siku za Maji Maji Prince hakuwako tena Iringa. Karibu na mwaka 1900 alikuwa ameacha kazi ya serikali akahamia milima ya Usambara, si mbali na Soni, akawa bwana shamba. Shamba likaitwa kwa jina lake la utani: Sakharani. Mwaka 1907 Kaisari akampa heshima ya uungwana, na tangu hapo akaandikwa Tom von Prince.

Mtu aweza kuuliza: askari alipataje shamba? Jibu limo katika amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895, iliyosema kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Taji. Maneno hayo yasikika kuwa mepesi. Lakini ni nani aliyeamua kwamba ardhi haina mwenyewe? Ni afisa wa serikali, aliyepita siku moja akaona pori. Mshambaa alijua kwamba pori lile ni shamba lililopumzishwa, au malisho, au makaburi ya wazee. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Sheria ilitaka wenyeji waachiwe ardhi mara nne ya ile waliyokuwa wakiilima, na kwa macho ya Ulaya hiyo ilikuwa huruma kubwa. Kwa mkulima wa milimani, ambaye hulima hapa akapumzisha pale, na ambaye wanawe wataoa na kutaka mashamba yao, ilikuwa ni kupimiwa nguo ya mtoto na kuambiwa asikue.

Wala Usambara haikufunguliwa kwa karatasi tu. Mwaka 1895 Mputa mwana wa Semboja, mtawala wa Vugha, alikuwa amekwisha kunyongwa na Wadachi. Kwa hiyo Bwana Sakarani hakuondoka katika nchi ya kamba akaenda nchi nyingine. Alikwenda nchi ambayo kamba ilitangulia kufika kwa mkono wa wengine.

Shamba lahitaji mikono, nayo mikono haikuja kwa hiari. Tangu mwaka 1898 ilitozwa kodi ya nyumba, kwa watu wa mashamba rupia 3 kwa mwaka. Katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, ukawekwa utaratibu wa kadi: kila mwanamume alipaswa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4, kwa mshahara uliopangwa. Siku hizo hazikuchaguliwa na mwenye jembe. Mvua ya kupandia ikinyesha juu ya shamba la bwana, hunyesha siku ile ile juu ya shamba la mfanyakazi, naye hana miili miwili.

Mwisho wake ulikuja upesi. Vita vya Wazungu vilipoanza mwaka 1914 alirudi vitani, akaiteka Taveta mwezi wa Agosti. Waingereza walipoleta majeshi ya Bara Hindi kwa meli kushika Tanga, Lettow-Vorbeck alimwita, naye akaanguka katika mapigano ya tarehe 4 Novemba 1914. Wadachi walishinda siku ile, na mwisho wakashindwa vita. Mashamba yao yakahesabiwa kuwa mali ya adui, yakauzwa kwa Waingereza, Wayunani, Wahindi. Tangu mwaka 1925 Wadachi wakaruhusiwa kurudi na kununua. Mwaka 1939 vita vya pili vikaanza, wakapokonywa tena. Hivyo ardhi ya Usambara ilipita katika mikono mingi kwa hati zilizoandikwa vizuri, na katika hati hizo zote jina la Mshambaa aliyepumzisha pori lake halikuandikwa hata mara moja.

Na Sakharani? Imekuja kuwa nyumba ya watawa wa Mt. Benedikto. Wasafiri wanaofika huko husifu ukimya wake na bustani zake. Watawa hulima, hupanda miti ya karanga za makadamia, na hutengeneza divai. Hatuwezi kupita hapa bila kutabasamu kidogo: divai ya watawa wenye kiasi yatoka katika shamba lenye jina la mlevi. Lakini tabasamu lisitusahaulishe habari ya Nabothi katika Kitabu cha Wafalme. Nabothi naye alikuwa na shamba la mizabibu, urithi wa baba zake, na mfalme alilitamani. Tukumbuke kwamba Nabothi hakuuawa na majambazi usiku. Aliuawa kwa hukumu, mashahidi wakaketishwa, wazee wa mji wakakubali. Watawa hawakumnyonga mtu wala hawakupima pori la mtu kwa macho ya siku moja. Waliipokea nchi iliyokwisha kupita kwa wenye hati wengi, wakailima kwa jasho lao. Hata hivyo mwenye kupokea shamba hupokea na habari zake. Twaona kwamba nyumba ya Kanisa iliyo mahali pa namna hiyo ina deni la kuzijua habari hizo na kuwaeleza wageni wake, na deni hilo halilipwi kwa kimya, hata kikiwa kimya kizuri cha monasteri.

Sisi tulio Mjimwema twayasoma haya tukitazama nchi yetu wenyewe. Njombe nayo imejaa hati. Waingereza kwa sheria yao ya mwaka 1923 walisema ardhi yote ni ardhi ya umma chini ya mkono wa Gavana. Mwaka 1949 yakaanza mashamba makubwa ya miwati. Yakaja mashamba ya chai. Na siku hizi watu wa mbali hununua vilima kwa ajili ya mipaini na maparachichi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa mkutano wa kijiji sauti ambayo Mpangile na Mputa hawakuipata. Lakini sauti yahitaji kumbukumbu. Parokia zetu nazo zina viwanja, shule na mashamba, na mengi yalitolewa kwa neno la mdomo na mtwa au na mzee wa ukoo, kwa furaha, kwa sababu alitaka watoto wasome. Waalimu wenye daftari na muda wa jioni waweza kuwaendea wazee waliobaki na kuandika: nani alitoa, mpaka ulikuwa mti gani, mto gani, na ni kwa ahadi gani. Kazi hiyo yafaa zaidi kuliko mabango ya Yubilei, na gharama yake ni wino tu.

Limebaki neno la kichwa cha Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliwaagiza Wadachi kukirudisha katika miezi 6. Ilipita miaka 35. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Sir Edward Twining alikileta Kalenga fuvu alilolipata katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, akamkabidhi Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Mwaka 1962 Adam Sapi aliketi katika kiti cha Spika wa Bunge la Tanganyika, mahali sheria za nchi zinapotungwa, na miaka yake katika kiti hicho, ukitoa michache iliyokatika katikati, ilifika hata mwaka 1994.